Godoro la pamba la Majengo, miezi saba baadaye: nyota nne, na ya tano nimeinyima makusudi

Naanza na bei kwa sababu najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Godoro la pamba, futi tano kwa sita, nene inchi sita siku linatoka kwa fundi, nililinunua shilingi 210,000 mwezi wa nane mwaka jana. Kitambaa kimo humo humo. Guta la kulileta kutoka Majengo hadi kwangu Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, 8,000. Fundi alianzia 250,000. Mwenye mdomo kunizidi mimi nadhani angemshusha hadi 190,000, lakini siku ile sikuwa na nguvu za kubishana na mtu. Usiku wake nilikuwa nimepata usingizi wa saa tatu na nusu tu.

Sasa niwaeleze kwa nini mtu mwenye godoro la sponji zima kabisa, halijabonyea popote, alitoa hela yote hiyo.

Nina miaka 52. Nafanya kazi masijala, ofisi moja ya Serikali kule Mtumba. Ni kazi ya mafaili: kupokea, kuandika namba, kupeleka, kurudisha. Inataka macho. Siku zangu zilianza kuyumba nikiwa na 48, na sasa ni miaka miwili tangu zikate kabisa. Muuguzi aliniambia hesabu ni miezi kumi na miwili mfululizo bila kuona chochote, hapo ndipo unasema hedhi imekoma, na kwamba wengi wetu tunafika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kwa hiyo niko katikati ya kundi, sina ajabu yoyote. Tatizo ni kwamba nilidhani zikikoma nitapumzika. Kumbe ndipo moto ulipokolea.

Kama hujui hilo joto, likoje? Linaanzia kifuani, bila taarifa. Linapanda shingoni, uso unawaka, masikio yanawaka, moyo unakwenda mbio kama umekimbizwa na mbwa. Linawaka kama moto wa mabua, haraka na kwa fujo, halafu dakika tatu nne limeisha. Umebaki umelowa. Kisha lile jasho linapoa na unaanza kutetemeka. Na msifikiri nasema habari za mwezi wa kumi na moja, ambapo Dodoma nzima inaungua na kila mtu halali. Nasema mwezi wa saba, upepo wetu ule wa baridi unapiga mabati, watu wanakwenda kazini na masweta, baba Neema kajifunika blanketi zito mpaka puani, na mimi pembeni yake nimetupa shuka chini natafuta sehemu ya ukuta yenye ubaridi niweke mguu.

Lakini joto lenyewe lilikuwa nusu tu ya shida. Joto linakuja saa saba usiku, linaondoka, mimi nabaki. Macho makavu, yamefunguka. Nasikia mbwa wa jirani, nasikia lori linabadilisha gia barabarani, nasikia adhana, nasikia jogoo. Saa kumi na moja na nusu ndipo usingizi unakuja, mtamu, na ndiyo saa ya kuamka. Nikipanda daladala nalala kabla konda hajadai nauli. Siku moja nilishtuka tumeshaipita Mtumba, gari linaelekea Buigiri. Siku nyingine nilipeleka faili la mtu wa kustaafu kwenye kabati la ajira mpya, likatafutwa siku nne. Bosi hakusema neno, aliniangalia tu, na mimi ningependa angesema.

Kabla ya godoro nilijaribu mengine, niyapitie upesi. Unga wa mizizi wa mama mmoja aliyekuja nao ofisini: mchungu, haukufanya kitu, 15,000 imekwenda. Kuoga maji ya baridi kabla ya kulala: raha ya dakika kumi. Duka la dawa la mtaani, hilo nitasema kidogo, kwa sababu nina kinyongo nalo. Niliingia nikasema silali, kijana hakuniuliza umri wala presha, akakata vidonge kumi vya valiamu akaviweka kwenye kibahasha cha kaki. Nilikula siku tano. Nililala, ndiyo, kama gogo, na asubuhi nilikuwa gogo vilevile. Usiku wa nne nilikwenda chooni nikajikuta nimeegemea mlango, sijui nimefikaje. Baadaye daktari aliniambia hizo si pipi: mwili unazizoea, unataka kuongeza, na kuziacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari, na mwanamke wa umri wetu, ambaye mifupa imeanza kupungua nguvu, akianguka usiku anavunjika. Kibahasha nilikirudisha kwa yule kijana wa duka na vidonge vitano ndani.

Kituo cha afya nilichokwenda ndiko nilikopata mtu wa maana, muuguzi mmoja mkunga wa makamo. Niliposema natoka jasho usiku, swali lake la kwanza halikuwa kuhusu hedhi. Aliuliza: unakohoa? Umepungua uzito? Una homa? Nikacheka. Akaniambia, "Usicheke mama, jasho la usiku ni dalili ya kifua kikuu pia, siwezi kukupa pole ya kukoma hedhi halafu nikakuacha na TB." Nikatoa makohozi, nikapimwa malaria, Virusi vya Ukimwi, wingi wa damu, presha, sukari. Akaniuliza kama ninakoroma na kama baba amewahi kuona pumzi inakatika nikiwa nimelala, kwa maana baada ya hedhi kukoma tatizo hilo nalo linaongezeka kwa wanawake. Vyote vikatoka salama. Nawaambia haya kwenye habari ya godoro kwa makusudi. Msije mkasoma hapa mkakimbilia Majengo na jasho ambalo lina sababu nyingine.

Dawa za homoni zipo, na daktari alizieleza vizuri: ndizo zenye nguvu kuliko zote kwa joto hili, na huwa zinafikiriwa zaidi kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka kumi tangu akome. Mimi niliwahi kuganda damu mguuni baada ya uzazi wa mwisho, akasema kwangu tuziweke kando. Wewe yako ukaulize.

Yule muuguzi ndiye aliyenieleza joto linatokea wapi. Kwenye ubongo kuna kitu kama kipima joto. Homoni ya estrojeni ikipungua, kile kipimo kinakuwa chepesi kushtuka. Joto likiongezeka kidogo tu, ambalo zamani mwili ungelipuuza, chenyewe kinaona nyumba inaungua: kinafungua mishipa ya ngozi, kinamwaga jasho. "Kwa hiyo," akasema, "huwezi kukizima, lakini usikichokoze." Akataja chai ya usiku, pilipili, pombe, chumba kisicho na hewa, nguo za nailoni. Nikatoka pale nikijiona sina cha kurekebisha. Chai ya usiku sinywi, pombe sinywi, nalala na khanga.

Nilifika kwa fundi kwa bahati. Nilikwenda sokoni Majengo kununua mchele, nikakatiza mtaa wa nyuma, nikaona kijana na mama mtu mzima wamekaa juu ya godoro katikati ya baraza wanalishona. Si kwa cherehani. Kijana alikuwa na sindano ndefu kuliko ile ya magunia, anaizamisha juu, mama anaipokea chini, anauvuta uzi mpaka kitambaa kinabonyea shimo kama kitovu, anafunga fundo. Shimo moja, hatua mbili za mkono, shimo jingine. Pembeni pamba imemwagwa juu ya turubai na kijana mwingine anaipiga kwa fimbo mbili, kulia kushoto, mpaka ile iliyoshikamana mabonge inafumuka na kupanda kama povu la sabuni. Nilisimama nikaangalia kama dakika ishirini. Nilikuwa nimechoka, na kuna kitu kwenye ile milio ya fimbo kilitaka kunilaza pale pale nimesimama.

"Shikamoo mama. Unataka la wageni au la kwako?"

"La kwangu."

"Mgongo?"

Nikasema hapana, joto. Nilisema kwa sauti ndogo maana kulikuwa na wateja. Yule mama mtu mzima akainua macho kutoka kwenye fundo lake, akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. "Mbukwa," akasema. Ni salamu ya Kigogo, nikamjibu mbukwa. Akacheka, akahamia Kiswahili: "Siku zimekata, wewe." Basi, siri yangu yote ya miaka miwili ikaanikwa barazani Majengo, na hakuna aliyeanguka.

Sasa hapa ndipo nilipompendea yule kijana. Akaniuliza sponji langu lina miaka mingapi. Minne. "Nailoni mmeitoa?"

Nikanyamaza.

Ndugu zangu, nyumba ngapi hapa zimelalia godoro lenye nailoni ya dukani mpaka leo? Tunaiacha lisichafuke, watoto wasikojolee, mjomba akija alikute jipya. Sisi tuliiacha miaka minne, na juu yake shuka la poliesta linalong'aa. Yaani kila usiku nilikuwa nimelazwa juu ya mfuko wa plastiki uliotandikwa juu ya sponji, vitu viwili visivyopitisha hewa vizuri, halafu nashangaa kipima joto kinashtuka. Kijana akasema, "Mama, nenda kaivue kwanza. Lala siku tatu nne. Ukiona bado, rudi." Mfanyabiashara gani anakwambia hivyo? Mwenzake wa fimbo alimkata jicho.

Nilikwenda, nikaichana ile nailoni kwa kisu cha jikoni. Chini yake sponji lilikuwa na madoa ya unyevu ya kijivu, ramani ya mgongo wangu. Nikatandika shuka la pamba. Na ukweli ni kwamba nafuu ilikuja, bure kabisa. Ninalo daftari dogo ambalo muuguzi aliniambia niandike kila asubuhi, naandika nimeamka mara ngapi. Kabla ya kuvua nailoni ilikuwa mara tano, mara sita. Baada ya kuvua, mara nne. Kwa hiyo kama unasoma hapa na hela huna, ishia hapo hapo, kachukue kisu.

Mimi niliendelea. Mara nne bado ni nyingi. Nikarudi Majengo.

Fundi alinionyesha pamba kabla ya kuijaza, na hilo mlidai. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia utoe mwenyewe. Pamba nzuri ni nyeupe au ya maziwa, inavutika nyuzi ndefu, haina mabaki ya nguo. Niliambiwa wako wanaochanganya matambara yaliyochanwachanwa, rangi rangi, na ukishalifunga godoro huwezi kujua mpaka liwe gumu kama kiazi. Yeye alisema yake ni ya Shinyanga. Mimi nilichokiona ni kwamba ilikuwa safi na ina zile chembe ndogo za mbegu hapa na pale. Zilikwenda kilo 27. Kitambaa nikachagua kile kizito cha mistari ya bluu, cha pamba. Ana na kile laini cha kung'aa cha maua. Msikichukue, kinarudisha nailoni kwa mlango wa nyuma.

Aliniahidi Ijumaa. Godoro lilikuja Jumatano iliyofuata. Simu ya Ijumaa hakupokea, ya Jumamosi alisema fundi mwenzake amefiwa, ya Jumatatu alisema uzi umeisha. Hapo ndipo nusu ya nyota ya tano ilipokwenda.

Usiku wa kwanza nililichukia. Tuseme wazi: ni gumu. Mtu aliyezoea sponji atajiona amelala kwenye jamvi la msibani. Baba Neema alikaa ukingoni, akalipiga ngumi mara mbili, akauliza tunaadhibiwa kwa kosa gani. Kiuno kiliniuma siku tatu, siku ya nne kikatulia, na sasa nikilala ugenini kwenye sponji najiona nazama kwenye uji.

Kuhusu joto, sitawadanganya kwamba limekwisha. Mawimbi yanatoka ndani, godoro halina mkono wa kufika huko. Tofauti ni kinachotokea baadaye. Kwenye sponji jasho lilikuwa linakaa pale pale, unalala kwenye kidimbwi chako. Pamba inalinyonya na hewa inapita, unageuka upande wa pili unakuta pakavu, na wakati mwingine wimbi linaanza na kuzimika katikati bila kuniamsha kabisa. Najua tu asubuhi kwa unyevu wa khanga. Daftari la mwezi wa tisa lina mara mbili mbili, chache tatu. Mwezi wa kumi na moja, joto la Dodoma likiwa juu ya langu, zilirudi tatu. Nyumba yetu ya bati huwa haipoi mpaka saa sita usiku. Feni ya kusimama inasaidia, ila chandarua kinakula nusu ya upepo. Nilikihamisha kitanzi juu zaidi kikae mbali na uso, sikukitoa. Malaria sina hamu nayo.

Mashuka, mara moja tu: nendeni mitumbani Sabasaba. Mtafute ya pamba tupu yaliyofuliwa mpaka yamelainika, unayajua kwa kuyafinya, yanabaki na mikunjo. Nimepata mawili kwa 12,000. Na kila mmoja wetu sasa ana shuka lake. Kugombania shuka moja kati ya mtu anayeungua na mtu anayeganda ni kutafuta talaka.

Nije kwenye jambo ambalo fundi hakuniuzia, na ambalo sikulitegemea.

Godoro la pamba linataka kuanikwa. Ukiliacha kitandani wiki tatu mfululizo linashika unyevu, linalala, linatengeneza shimo la mwili wako. Fundi alisema kila Jumamosi jua la asubuhi mpaka jioni, ligeuzwe mchana, lipigwe fimbo. Na siku za kazi, kwa kuwa mimi ninalilowesha, alisema likunjwe mara mbili na kusimamishwa ukutani hewa ipite. Kazi kubwa. Kilo 27 na kitambaa chake hunyanyui peke yako. Nambembeleza baba Neema kila asubuhi saa kumi na moja na nusu, yeye upande wa miguu, mimi upande wa kichwa.

Sasa, muuguzi alikuwa ameniandikia masharti ya usingizi kwenye karatasi. Alisema usingizi uliokimbia kwa miezi mingi huwa haurudi kwa kupoa kwa joto peke yake, kwa sababu mwili umeshajifunza kwamba kitandani ni mahali pa kukaa macho. Kwa hiyo: amka saa ile ile kila siku hata kama umelala vibaya. Ukikaa macho kama dakika ishirini, usiangalie saa, wewe kadiria tu, toka kitandani, kaa kwenye kiti kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Chai na kahawa mwisho mchana. Usingizi wako kwa jumla ni wa saa tano na nusu? Basi usijilaze kitandani kwa muda wa saa tisa ukizitafuta. Jipe saa sita, tano usiku mpaka kumi na moja alfajiri, usingizi ukishajaa hizo ndipo uongeze robo saa. Na usilale mchana.

Yote nilijaribu. La mwisho lilinishinda. Tunatoka kazini saa tisa na nusu, nafika nyumbani saa kumi na nusu nimekufa, kitanda kile pale, najiambia dakika kumi tu niunyooshe mgongo. Nikiamka ni magharibi, nimemaliza usingizi wangu wa usiku kabla usiku haujaanza. Miezi minane muuguzi ananiambia, miezi minane nasema ndiyo dada.

Godoro la pamba lilipokuja, nikirudi nyumbani saa kumi na nusu nakuta kitanda ni chaga tupu. Mbao saba na hewa katikati. Godoro limesimama ukutani limekunjwa kama mtu aliyenuna. Kulishusha nahitaji baba Neema, na baba Neema harudi mpaka saa moja. Mtu halali kwenye chaga. Siku za mwanzo nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitukana kimoyomoyo, halafu nikaenda kuchambua mlenda, kuchota maji, kukagua madaftari ya mjukuu. Saa tatu usiku macho yakawa mazito kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Nikang'ang'ana mpaka saa tano kama karatasi ilivyosema.

Sikugundua mara moja. Niligundua mwezi wa kumi, nilipokuwa napitia daftari na muuguzi. Usiku wa Jumamosi ulikuwa bora kuliko wote, na sikujua kwa nini, mpaka nikakumbuka kwamba Jumamosi godoro liko nje tangu asubuhi na mimi niko juani nalipiga fimbo. Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Aliniambia miezi minane maneno yake hayakufaa kitu, na godoro limefanya kazi yake bila kusema neno. Siku hizi napata usingizi wa karibu saa sita na nusu kwa usiku, naamka mara moja au mbili, na nikiamka mara nyingi narudi.

Baba Neema ndiye aliyepoteza. Alikuwa na usingizi wake wa Jumapili mchana, sasa analala kwenye kochi miguu nje.

Kasoro, maana nimesema nyota nne. Ahadi ya Ijumaa nimeshaitaja. Mwezi wa tatu wa matumizi lilifanya mabonge mawili upande wangu, nikarudi, fundi akalifumua upande mmoja na kulipiga upya, lakini alitaka 20,000 ambayo hakuitaja siku ya kununua. Tukasuluhisha kwa 10,000. Ulizeni mapema: kulifumua na kulirudishia ni kiasi gani, na mara ya kwanza ni bure au la. Halafu kunguni. Yale mashimo ya vifundo ni nyumba zao za ndoto. Sijawapata, ila kila Jumamosi napita shimo moja moja na tochi ya simu.

Na mvua. Dodoma mvua ni chache na zina msimu, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, kwa hiyo miezi mingi ya mwaka jua lipo na godoro la namna hii linapendeza na mji wetu mkavu. Shangazi yangu wa Tanga alipolisikia alisema kule kwao lingeota uyoga, na namwamini. Januari hii kulikuwa na Jumamosi mbili za mawingu mfululizo, nikaliacha ndani, na likanuka kama gunia la mahindi mabichi. Jumamosi iliyofuata nililitoa mapema, wingu likanidanganya, mvua ikashuka tukiwa tumeshalitandaza kwenye ua. Mimi, mjukuu na jirani mmoja tulilikimbiza ndani kama maiti. Lilikauka siku tatu. Siku hizo tatu tulilala kwenye sponji la zamani, lile la nailoni, ambalo sasa liko chumba cha watoto likiwa uchi.

Nani asilichukue: mwenye pumu ya vumbi, kwa sababu linapopigwa linatoa vumbi la kweli. Mwenye mgongo mbovu, amuulize daktari kwanza. Anayeishi peke yake bila mtu wa kushika upande wa miguu. Na mwenye nyumba ya kupanga isiyo na ua wa kuanikia.

Ukienda, nenda asubuhi, siyo mchana jua likishakuwa kali na mafundi wamenuna. Toka sokoni upande wa nyuma, sikiliza milio ya fimbo. Wako wanne watano mtaa ule, wangu ndiye mwenye baraza la bluu na mama mtu mzima anayepokea sindano. Msalimie yule mama kwanza. Dada yangu wa Manyoni ameagiza la futi tatu na nusu, naye siku zimeanza kumyumbia. Naenda kulipia Jumamosi, na nitaambiwa Ijumaa.